Vigae Vyetu na Wanaovisemea

Abiria aendaye Nakuru hushuka Kikopey, akala nyama ya kuchoma, akanawa mikono, akarudi garini. Ni wachache wajuao kwamba si mbali na hapo, Kariandusi, yapo mashoka ya mawe yaliyogunduliwa na watu wa Louis Leakey mwaka 1928. Mawe yapo, msemaji wa kuyasema ndiye hayupo.

Nasi watu wa pwani tusicheke. Vigae vyetu vilipata msemaji, lakini kutoka Uingereza. Sir Mortimer Wheeler alikuwa mchimbuaji wa magofu mwenye ujuzi mwingi wa vyombo vya udongo, na juu ya hayo alijaliwa ulimi. Katika miaka ya 1950 alionekana kwenye televisheni ya BBC, katika mchezo ambao mabingwa hupewa kitu cha kale, wakakigeuza-geuza, wakasema ni nini na kimetoka wapi. Mwaka 1954 alitajwa kuwa mtu mashuhuri wa televisheni wa mwaka. Mwaka wa pili yake akaja Tanganyika, akapita baina ya Dar es Salaam na Kilwa, akastaajabu kwa vigae vya Kichina alivyovikuta, vya kuzolewa kwa koleo. Akasema historia ya nchi hiyo, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa vyombo hivyo.

Neno tamu, na likaenea. Lakini ni nusu ya habari. Katika magofu hayo hayo vigae vilivyo vingi kabisa ni vya vyungu vya kwetu, vilivyofinyangwa na kuchomwa hapa hapa. Bakuli la Kichina latwambia nani alikuwa na mali. Chungu chatwambia watu walipika nini.

James Kirkman alikaa nasi zaidi. Alianza kazi Gedi mwaka 1948, akazikadiria nyumba umri kwa vyombo hivyo, kisha akawa msimamizi wa makumbusho ya Fort Jesus, yaliyofunguliwa 1960, hadi 1972. Yeye aliandika zaidi ya kusema, na vitabu vyake ni vya Kiingereza.

Wazee wetu hawakuyatia mabakuli kabatini tu. Waliyajengea katika mihrabu za misikiti na katika nguzo za makaburi, kama Mambrui na Kunduchi. Mahali pengi leo pamebaki tundu: bakuli limeng'olewa, likauzwa. Astaghfirullah, hata kaburi!

Sheria ya makumbusho ya Kenya ya mwaka 2006 yakataza kuvitoa vitu vya kale nchini bila kibali, na Gedi imeingia katika urithi wa dunia mwaka 2024. Ni mema. Ila nikifungua redio nasikia mpira, siasa na taarabu. Sijasikia bingwa ashikaye kigae akatueleza kwa Kiswahili rangi yake, mng'aro wake na safari yake. Basi mama aliyerithi bakuli la bibi yake, mtu wa kwanza kumweleza habari zake ni yule aliyekuja kulinunua.