TCG ni nani?

Mwezi huu nina la kukiri, na naomba usinicheke kabla sijamaliza.

Mume wangu alianza tabia ya kwenda kwao Morogoro kila Jumamosi. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, Dar hadi Moro ni chini ya saa mbili, kwa hiyo mtu hana hata kisingizio cha kuchoka. "Naenda kumwona mzee," ananiambia. Mimi kimya. Siku moja nafua jinzi yake, nakuta kidaftari mfukoni. "TCG, saa 4:10, hatimaye!" "TCR, kwa mbali tu." "TCJ, leo hakuna."

Watatu, shosti! Nikaanza kuwapa majina: Tatu, Teddy, Tausi. Usiku nikapekua simu yake. Naam, mimi, ambaye kwenye ukurasa huuhuu nimewaandikia mara ngapi sijui kwamba simu ya mwenzio haipekuliwi. Sikukuta kitu. Yeye ndiye aliyenikuta, nimekaa ukingoni mwa kitanda, simu yake mkononi. Hakugomba. Alisema tu, "Jumamosi twende wote."

Tukapanda kwa miguu hadi Morningside, lile jengo la enzi za Wajerumani kwenye milima ya Uluguru. (Wenye visigino virefu, msijaribu.) Mji wote uko chini yako, na ukungu ukikuhurumia unaona mbali sana. Akatoa darubini kuukuu na simu yenye programu inayoonyesha ndege gani inapita.

Kumbe TCG ni ndege! 5H-TCG, Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania, iliyotua Dar tarehe 8 Julai 2018. Hiyo 5H ni alama ya ndege zilizosajiliwa Tanzania. Kenya ni 5Y na Uganda 5X. TCJ ilikuja Oktoba 2019, TCR Agosti 2024. Ndege aina hiyo inaweza kwenda zaidi ya kilomita 13,000 bila kutua, ndiyo maana kuiona juu ya Moro ni bahati, na ndiyo maana ya ile "hatimaye!"

Lakini darubini si yake. Ni ya baba yake.

Mzee alikuwa kijana wa kupakia mizigo uwanja wa Dar enzi za East African Airways, shirika la nchi tatu lililokuwa na Super VC10. Injini zake nne zote zilikuwa mkiani, mabawa yakaachwa huru ili iruke vizuri kwenye viwanja vya joto na vya miinuko, kama Nairobi. Kati ya zote aliipenda moja, 5H-MOG, VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa, iliyokabidhiwa mwaka 1970. "MOG, Moro yetu," husema. Herufi ni herufi tu, lakini nani atathubutu kumwambia?

Ndoa ya nchi tatu ikavunjika mwaka 1977, shirika likafa, na VC10 zikarudi Uingereza. MOG ikanunuliwa na jeshi la anga la huko, ikageuzwa tenki la kuzijazia ndege nyingine mafuta hukohuko angani. Iliruka hadi Septemba 2013, ikapelekwa kuhifadhiwa na makumbusho ya Brooklands. Mzee anazijua habari zote hizo, kijana wake humsomea.

Humsomea kwa sababu mzee haoni tena. Presha ya macho. Kila Jumamosi mwanawe anapanda, anaangalia kwa niaba yake, anashuka na kidaftari.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia naenda kumwona mzee. Hukuuliza tunafanya nini."

Sikuwa na jibu, wala hakulisubiri.

Jioni nyumbani kwao Kilakala, mzee yuko barazani na chai yake. Mume wangu akaniwekea kidaftari mapajani.

"Leo anasoma mkweo, baba."

"Haya mama, nisomee."

Nikasoma: Airbus, saa 5 na dakika 12, ikitoka Dar. Mzee akainua mkono. Ilikuwa juu kiasi gani? Iliacha mstari mweupe nyuma? Na mabawa yake je, ncha zimekunjwa?

Ncha sikuziangalia. Jumamosi hii napanda tena. Lile la simu bado hatujaliongea.