Asilimia Nane na Nusu ya Mzee Wetu



Mwishoni mwa mwaka 2023 alinijia barazani mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu wa bandarini, mkononi ameshika kipande cha gazeti. Katika kiinua mgongo chake zilikuwa zimebaki shilingi 210,000, na mjukuu anayemlea alikuwa aingie kidato cha kwanza Januari.

"Mwanangu," akaniambia, "riba siitaki, nawe wajua. Lakini hisa ya Safaricom yauzwa shilingi 14, na gawio la mwaka ni shilingi 1.20. Hiyo si asilimia nane na nusu? Nitie zote?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kiwango cha gawio hupatikana kwa kuligawanya gawio la mwaka mzima kwa bei ya hisa moja, kisha kuzidisha kwa mia. Alilosahau mzee ni kuuliza kwa nini asilimia hiyo imekuwa kubwa kiasi hicho.

Nikamwomba kalamu. Kwa mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2021, gawio lilikuwa shilingi 1.37, na mwaka huohuo bei ya hisa ilipita shilingi 40. Aliyenunua kwa 40 alipata kama asilimia tatu na nusu tu. Miaka miwili baadaye gawio lilikuwa limepungua, lakini bei ilikuwa imeanguka zaidi, ndipo asilimia ikapanda. Kampuni haikuwa imezidi ukarimu. Wanunuzi ndio waliopungukiwa na imani.

Basi tukaitazama historia. Mwaka 2012 gawio lilikuwa senti 22, mwaka 2015 senti 64, mwaka 2018 shilingi 1.10, na 2020 shilingi 1.40. Hiyo ni ngazi nzuri. Kisha ikaja 1.37, ikaja 1.39, halafu ikateremka hadi 1.20 mwaka 2023, baada ya kampuni kufungua huduma zake Ethiopia Oktoba 2022 na kuingia katika gharama kubwa ya kujenga mtandao wa nchi nzima. Aonaye asilimia peke yake haoni kwamba ngazi imekatika.

Pana mtego mwingine. Mwaka 2019 wenye hisa walilipwa 1.25 na juu yake gawio maalumu la senti 62. Anayejumlisha bila kutenganisha atadhani mwaka uliofuata ulikuwa wa hasara, ilhali gawio la kawaida lilipanda. Gawio maalumu ni kama zawadi ya harusi: halihesabiwi katika bajeti ya nyumba.

Mzee akanikumbusha jirani yetu aliyenunua hisa hizo kwa shilingi 5 zilipouzwa kwa umma mwaka 2008. Kwa jirani huyo, shilingi 1.20 ni asilimia 24 ya mtaji wake. Ni kweli, lakini asilimia hiyo ni yake yeye, na aliisubiri miaka mingi huku akila senti tano na kumi. Mnunuzi wa leo huhesabu kwa bei ya leo.

Tukafika kwenye jambo lenyewe. Kwa shilingi 210,000, tukiacha ada ya dalali, mzee angepata hisa 15,000, na gawio lisipobadilika angepokea shilingi 18,000 kwa mwaka. Kodi ya asilimia tano hukatwa kabla fedha hazijamfikia mwenyewe, zingebaki 17,100. Nazo haziji kwa pamoja: sehemu ya kwanza hulipwa mwishoni mwa Machi, ya pili mwishoni mwa Agosti, na asiyekuwamo katika daftari la wanahisa siku linapofungwa hapati kitu. Karo ya Januari haisubiri Machi. Na akilazimika kuuza ili alipe, atauza kwa bei yoyote atakayoikuta.

Alinyamaza kitambo, akakunja karatasi. Wiki iliyofuata alinunua hisa 7,500 na nusu ya pili ya fedha akaiacha kando. Mjukuu aliripoti shule kwa nusu hiyo. Mwisho wa Machi gawio la senti 55 kwa hisa liliingia, naye akanionyesha ujumbe kwenye simu: shilingi 3,918 na senti 75.

"Mwanangu," akasema, "hizi ni za sare na viatu."