Kariye: Kwa nini picha za watakatifu ukutani zinazua mvutano?

Mei 6, 2024, Rais wa Uturuki, Recep Tayyip Erdoğan, alifungua msikiti wa Kariye mjini Istanbul kwa ajili ya sala. Siku saba baadaye Waziri Mkuu wa Ugiriki, Kyriakos Mitsotakis, alikwenda Ankara na kumweleza kwamba hakuridhishwa na hatua hiyo. Je, jengo hili lina nini?

Kariye lilijengwa kama kanisa, mji huo ukiitwa Constantinople, makao makuu ya dola ya Byzantium. Kati ya 1315 na 1321, ofisa mkubwa wa dola hiyo, Theodore Metochites, aligharamia mapambo yake. Pembeni kuna chumba kirefu cha makaburi. Humo mafundi walipaka rangi juu ya lipu mbichi. Lipu hiyo ikikauka, rangi hushikamana na ukuta, na ndiyo maana picha zipo hadi leo.

Mwishoni mwa chumba, Yesu anawavuta Adamu na Hawa kutoka makaburini. Chini ukutani wamesimama watakatifu, baadhi yao askari wenye silaha, kama George na Demetrius. Kwa waumini wa wakati ule hayo hayakuwa mapambo tu. Watakatifu waliwaombea waliozikwa pale na kuwalinda. Watakatifu hao hao huchorwa hadi sasa katika makanisa ya Kiorthodoksi, yakiwemo ya Kenya na Uganda.

Waottomani waliuteka mji mwaka 1453, na mwanzoni mwa karne ya 16 kanisa likawa msikiti. Kwa kuwa Waislamu hawasali mbele ya picha za watu, baadhi zilifunikwa. Mwaka 1945 serikali ya Uturuki ililifanya jengo kuwa makumbusho, na wataalamu kutoka Marekani wakazisafisha picha. Mwaka 2019 mahakama ilibatilisha uamuzi huo wa 1945, na mwaka uliofuata Erdoğan akaamuru liwe msikiti tena.

Serikali ya Uturuki inasema mlango uko wazi kwa wote. Picha za ukumbi wa sala hufunikwa kwa pazia, lakini za chumba cha makaburi huonekana. Wagiriki wanaona alama ya historia yao inafutwa. Waturuki wengi wanaona wamerudishiwa msikiti uliotumika zaidi ya miaka 400.

Kwa mtazamo wetu, pande zote zina jambo la kujibu. Picha hizi zilidumu jengo likiwa kanisa, msikiti na makumbusho, kwa hiyo jina la mlangoni peke yake halizihifadhi wala haliziharibu. Adui wa lipu ya kale ni unyevu, matetemeko na kukosa matunzo. Tunaposikia habari za Kariye, tuulize: nani anakagua kuta hizo, na je, Mkristo, Mwislamu na mgeni wote wanaruhusiwa kuziona?