MAFURIKO LILONGWE: Ukuta usio na geti, nani ataulipia?

MSIMU wa mvua uliopita nilikwama City Centre, hapa Lilongwe, nikisubiri minibasi ya kunirudisha Dowa. Mvua ilikuwa imenyesha kwa muda wa saa moja tu. Mitaro ilikwishajaa taka na maji ya rangi ya udongo yakawa yanakatiza barabarani. Watu tuliojikinga kibarazani tukaanza kujadili yale yale ya kila mwaka: Serikali haina fedha, basi waitwe wenye fedha, wajenge kwa ubia.

Siku iliyofuata niliupeleka mjadala huo darasani. Nafundisha katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kilometa zipatazo 45 kutoka Lilongwe, ambako Wakongo, Warundi na Wanyarwanda huzungumza Kiswahili. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, kama tajiri ndiye atajenga ukuta wa mto, geti la kulipia ataliweka wapi?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ameuliza swali ambalo wakubwa wengi hawaliulizi.

Malawi imekuwa na sheria ya ubia kati ya sekta ya umma na binafsi tangu mwaka 2011, pamoja na tume ya kuisimamia. Ubia wa barabara au bandari unaeleweka. Tangu magari yaanze kutozwa Kalinyeke, Dedza, katika barabara kuu ya M1, kila dereva anajua kwamba asiyelipa hapiti. Ukuta wa kuzuia mafuriko haufanyi kazi hivyo. Ukishajengwa, unamkinga aliyelipa na asiyelipa. Mwekezaji hawezi kumwambia mto umpige fulani na umwache fulani.

Wenzetu wamelitatuaje? Kuala Lumpur, Malaysia, walifungua mwaka 2007 handaki la maji ya mvua lenye urefu wa kilometa 9.7. Sehemu yake hupitisha magari siku za kawaida na wenye magari hulipa. Mafuriko makubwa yakija, magari hutolewa na maji yakapita. Hata hivyo, sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na Serikali. Huko Fargo, Marekani, mfereji wa kuchepusha mto unajengwa kwa ubia uliosainiwa mwaka 2021, na sehemu ya fedha inatokana na kodi ya mauzo ambayo wakazi wenyewe waliipigia kura. Kwa hiyo mbia binafsi huleta mtaji na ujuzi mapema, lakini mlipaji wa mwisho ni mwananchi. Asiyeambiwa hivyo anadanganywa.

Kwetu njia za kumlipa mbia ni tatu. Ya kwanza, Serikali imlipe kila mwaka kwa miaka 20 au 30. Hapa tukumbuke Novemba 2023, pale Benki Kuu iliposhusha thamani ya kwacha kutoka takriban 1,180 hadi 1,700 kwa dola moja. Tuseme mkataba ulitaka dola milioni 5 kwa mwaka. Jioni deni ni kwacha bilioni 5.9, asubuhi limekuwa bilioni 8.5, na hakuna tofali lililoongezwa. Mikataba mingi ya namna hii huwekwa kwa dola kwa sababu mikopo ya mbia ni ya dola.

Njia ya pili ni kutoza wenye majengo yanayokingwa. Watakaolipa ni wenye ofisi, benki na maduka ya City Centre, nao wana haki ya kudai ukuta ujengwe mbele ya majengo yao. Lakini ukiubana mto kwa kuta, maji hayapungui; yanakwenda kwa kasi zaidi. Lingadzi ikishapita katikati ya jiji inaelekea Kauma, mtaa wa watu wasio na hati za viwanja, ambao hawamo katika daftari la walipa kodi ya majengo. Ukuta uliolipiwa City Centre unaweza kuwa mafuriko ya Kauma.

Njia ya tatu ni kumlipa mbia kwa ardhi: alikaushe bonde, auze viwanja. Lilongwe, iliyofanywa makao makuu mwaka 1975, ilipangwa ikiwa na misitu na maeneo ya wazi kando ya mito. Maeneo hayo ndiyo sifongo ya jiji. Tukiyauza ili kulipia ukuta, tutakuwa tumeuza kinga iliyopo ili kununua nyingine.

Nasema haya nikiwa nimeyaona kwingine. Wazazi wangu waliikimbia Malawi enzi za Kamuzu Banda, wakati Dzaleka hii hii ilipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Nilisoma shule ya msingi Magomeni, Dar es Salaam, na kurudi nyumbani baada ya uchaguzi wa 1994. Masika yakianza tulikatazwa kukaribia Jangwani. Kila mtoto wa Magomeni alijua kwamba bonde la Msimbazi ni mali ya maji. Miaka ikapita, ikajengwa humo karakana ya mabasi ya mwendo wa haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016. Mwendeshaji alikuwa kampuni, karakana ilikuwa ya umma, na mto haukusoma mkataba. Mara kwa mara maji yaliingia karakana na huduma zikasimama.

Tanzania ilipoamua kulishughulikia bonde lile lote, fedha hazikutoka kwa mbia wa kutoza tozo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200, huku Hispania na Uholanzi zikichangia. Mto unapanuliwa, daraja jipya linajengwa Jangwani, na wakazi wanahamishwa kwa fidia, ingawa fidia hiyo nayo imezua malalamiko. Huo ni mzigo wa umma, na umeandikwa hivyo wazi.

Sisemi ubia ni haramu. Nasema kabla ya kalamu kugusa karatasi, wananchi wajibiwe maswali matatu. Nani atalipa kila mwaka, na kwa sarafu gani? Maji yaliyozuiwa hapa yataelekezwa wapi? Na mvua ikizidi kipimo cha mkataba, hasara ni ya nani? Machi 2023 kimbunga Freddy kilimwaga kusini mwa nchi yetu mvua ya miezi 6 kwa siku 6, na zaidi ya watu 600 walikufa. Hakuna mbia atakayekubali kubeba mvua ya namna hiyo bila bei kubwa. Tusipoandika, itaangukia wa Kauma.

Wakati majibu yakisubiriwa, zipo kazi ambazo sekta binafsi inaweza kupewa leo kwa mikataba mifupi ya kwacha: kuzoa taka, kuzibua mitaro kabla ya Novemba, kupanda miti kingo za mito, na kulipwa baada ya kazi kukaguliwa. Si kazi za kukatia utepe, lakini mtaro uliozibuka haudai riba.

Yule binti hana kiwanja Lilongwe wala kura Malawi. Nyumba yao Dzaleka ni ya matofali mabichi, na kila mvua kubwa baba yake hukesha akitazama ukuta. Nilimjibu kwamba geti lipo, ila halionekani. Limewekwa mfukoni mwa kila mtu. Akaniuliza tena, "Hata mfukoni mwa yule ambaye ukuta haumfikii?" Hilo nimeshindwa kulijibu. Nawaachia watakaosaini.