Waliokwepa foleni wakakosa uhondo

Mwezi huu naomba tusafiri kidogo hadi Marekani, tena kwenye mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye sinema tu: besiboli. Najua, najua. Usifungue ukurasa mwingine kwanza.

Mimi mwenyewe si mpenzi wa mchezo huu. Mechi moja inakula masaa karibu matatu, na muda mwingi wanaume wazima wamesimama tu, wanatafuna na kutema. Lakini kila Oktoba, ikifika fainali yao inayoitwa World Series, ambapo bingwa ni yule anayewahi kushinda mechi nne, mashabiki wa kule huanza kusimuliana fainali wanazozikumbuka. Kilichonifanya nikae nisikilize ni kwamba hadithi zenyewe mara nyingi si za mpira. Ni za nani alikuwepo na nani hakuwepo.

Chukua ya Los Angeles, Oktoba 15, 1988, mechi ya kwanza. Dodgers wako nyuma 4-3 dhidi ya Oakland, na akitolewa mchezaji mmoja tu mpira umekwisha. Kocha akamwingiza Kirk Gibson, mtu ambaye miguu yote miwili ilikuwa mibovu, hata kutembea anachechemea. Mwenzake mmoja alikuwa tayari uwanjani. Gibson akaupiga mpira ukavuka uzio hadi jukwaani, alama mbili kwa mpigo, 5-4. Uwanja ukalipuka!

Sasa ukiitazama ile video vizuri, nyuma ya jukwaa la kulia, kule kwenye maegesho, utaona taa nyekundu za breki. Kuna mtu alikuwa ameshaondoka ili akwepe foleni. Kwa kweli mimi simuwazi hata Gibson, nawaza ndani ya lile gari. Kama walikuwa wawili, nani alisema "twende zetu bwana, hapa hamna kitu"? Na yule mwingine alimsamehe lini?

Wengine hawakuondoka. Walisubiri mpaka wakafa. Chicago Cubs walichukua ubingwa mwaka 1908, halafu basi. Watoto na wajukuu wakairithi timu kama mtu anavyorithi shamba lisilozaa. Mwaka 2016 wakaingia fainali na Cleveland, wakawa nyuma mechi 3-1, wakasawazisha, ikaja mechi ya saba, Novemba 2. Wanaongoza 6-3, alama zote zikarudishwa. Raundi tisa zikaisha bila mshindi, mvua ikanyesha, mchezo ukasimama dakika 17 (jamani!). Waliporudi, wakashinda 8-7 katika raundi ya 10. Miaka 108.

Siku zile watu walikuwa wanakwenda na chaki kwenye ukuta wa matofali wa Wrigley Field, uwanja wa Cubs, na kuandika majina. Baba. Babu. Bibi. Watu waliotangulia bila kuuona ubingwa hata mara moja. Ukuta ukajaa, na majina yakapanda hadi mkono unapoishia.

Boston nako yalikuwa hayo hayo. Red Sox hawakuwa na kombe tangu 1918. Mwaka 2004, kabla hata ya kufika fainali, walikuwa wameshafungwa mechi 3-0 na mahasimu wao Yankees, wakageuza kibao na kushinda nne mfululizo, kisha Oktoba 27 wakatwaa ubingwa. Baada ya hapo wapo waliopeleka magazeti na vibendera makaburini. Hebu pata picha: mtu anakwenda kumpa baba yake habari ya mpira, na baba amelala chini ya ardhi.

Hapo ndipo nikamkumbuka marehemu baba na redio yake ya betri, barazani, jioni za Jumamosi. Alikuwa ananiita, "Njoo mama, zimebaki dakika kumi." Mimi huyo chumbani na simu yangu. Sikwenda.

Kuna moja ya juzi juzi, Oktoba 25, 2024. Uwanja ule ule wa Los Angeles, mechi ya kwanza tena, Dodgers nyuma 3-2 na Yankees, raundi ya 10. Anayepiga ni Freddie Freeman, naye ana mguu mbovu, kifundo kimeteguka. Miezi michache nyuma mwanawe mdogo aliugua vibaya, hadi baba mtu akaacha kucheza kwa siku kadhaa akae naye hospitali. Mama yake Freddie alifariki yeye akiwa na miaka 10, na baba yake ndiye aliyekuwa akimrushia mipira ya mazoezi tangu utoto.

Wenzake watatu walikuwa wanasubiri uwanjani. Akaupiga ukavuka, alama nne kwa mkupuo, 6-3. Mechi ya World Series ilikuwa haijawahi kumalizwa kwa pigo la namna hiyo. Alipochomoka kwa wenzake waliokuwa wakimrukia, alikimbia moja kwa moja hadi kwenye wavu wa watazamaji, aliposimama mzee wake, wakashikana mikono kupitia wavu.

Hiyo nimeitazama mara sijui ngapi. Maegesho sijayaangalia.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.