Sura ya Spea Si Spea

Wasomaji wetu wa Magarini hawana haja ya kuelezwa thamani ya gari kuukuu. Gari lililobeba maembe ya Marafa, chumvi ya Gongoni, maarusi na majeneza kwa miaka arubaini, hilo si chuma tena. Lina jina lake, na wazee huhesabu miaka kwa safari zake. Ndipo ukurasa huu, uliozoea kuzungumza tenzi na nakshi za milango, leo wataka kuzungumza habari za breki.

Mimi mwandishi wenu ninayo pikapu ya Peugeot 504 niliyoachiwa na marehemu baba yangu. Kwa muda wa miaka miwili nimekuwa nikiirudisha katika hali yake ya zamani, kidogo kidogo, kila nipatapo senti. Jioni moja kabla ya Ramadhani nilikuwa nikiteremka nayo kutoka Marafa, nyuma nimepakia maembe, na kando yangu yuko kijana wa dada yangu. Tulipokaribia Mambrui nikakanyaga breki, mguu ukazama hadi sakafuni. Nikakanyaga tena. Hola. Alhamdulillahi barabara ilikuwa tupu. Nikalipunguza gari kwa gia na breki ya mkono, likaenda kusimama mchangani kando ya minazi. Hakuna kilichoumia ila maembe.

Kesho yake fundi akaifungua silinda kuu ya breki. Vile vikombe vya mpira alivyovitia kwa mkono wake mwenyewe, na wala havijatimiza miezi mitatu, vilikuwa vimevimba na kulainika kama boflo lililochovywa katika chai, na kimoja ukingo wake umechanika.

"Maalim," akaniambia, "sura ndiyo, kipimo ndicho, lakini huu si mpira wa breki."

Nikarudi dukani nilikovinunua. Muuzaji hakukana wala hakutahayari. Alisema niliomba vya bei nafuu, nikapewa vya bei nafuu. Kwenye boksi palikuwa na neno moja tu la kiwanda, nalo limeandikwa kwa herufi zinazofanana na za wenyewe, ila si za wenyewe.

Jambo hili lina ilimu yake. Mpira si wa namna moja. Uko unaovumilia petroli na mafuta ya injini, nao ukitiwa katika mafuta ya breki huvimba. Na uko unaovumilia mafuta ya breki, nao ukiguswa na mafuta ya injini huharibika. Wote ni mweusi, wote hung'aa ukiwa mpya. Mnunuzi aliyesimama kwenye kaunta hana jicho la kuutofautisha, na mara nyingi muuzaji naye hana.

Watu hudhani kuwa spea ya kuiga huharibika kwa sababu ya tamaa ya mwigaji peke yake. Tamaa ipo, hatukatai. Lakini kosa lingine huanza mbali zaidi. Kiwanda kikisha kuacha kuunda gari fulani, michoro na kalibu zake hufungiwa au hupotea. Anayekuja kuiga hana mchoro. Anayo spea moja kuukuu aliyoipata kwa mtu. Huipima, na katika kuipima huupima na ulaji wake. Pale palipolika nusu milimita kwa safari za miaka ishirini, yeye huandika kuwa ndicho kipimo. Kisha mwenziwe naye huja akaiga ile iliyoigwa.

Sisi tuliosoma chuoni twaujua ugonjwa huu. Maalim hakuuamini ubao tulioandika wenyewe mpaka tuusome mbele yake, herufi kwa herufi, naye ana asili kifuani. Na hati za tenzi zilizonakiliwa pasi na kusomwa mbele ya mjuzi ndizo zilizotuletea beti ambazo leo mizani zake hazitimii, na wataalamu wakaa wakibishana mshairi alikusudia nini. Ubeti uliopungua mizani hauui mtu. Breki iliyopungua huua.

Wala tusidhani kuwa balaa hili ni la Afrika peke yake, kwamba takataka hutupiwa sisi huku wenzetu wakila vilivyo halali. Nchini Uingereza, wenye magari ya zamani wamelalamika miaka mingi juu ya rota, kile kidude kidogo kinachozunguka chini ya kifuniko cha nyaya za plagi. Zile za kuiga zilitengenezwa kwa plastiki dhaifu, na ribiti yake ikawekwa karibu mno na mhimili; injini ikipata moto, umeme hupenya palipo dhaifu, na gari huzima katikati ya njia. Hatimaye wakatokea watu wakaunda rota nzuri isiyo na ribiti, wakaitia rangi nyekundu ili ijulikane. Basi haukupita muda, wengine wakaiga rangi ile nyekundu!

Wako watakaosema: kwani lazima? Uza chuma chakavu, nunua gari la Kijapani upumzike. Maneno hayo husemwa na mtu asiyejua mapenzi, lakini tumjibu kwa hoja. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo 1966, 1967 na 1968, na mara mbili katika hizo aliyeshika usukani alikuwa Bert Shankland wa Tanzania. Nduguye 504 akashinda 1975 na 1978. Ufaransa iliacha kuunda saluni za 504 mwaka 1983, nasi hapa Kenya tukaendelea kuziunganisha kwa miaka mingi baadaye. Kwa hivyo gari hili ni letu kama lilivyo lao. Tangu 2003 wageni huja na magari ya zamani kushindana katika Safari ya magari hayo, nasi husimama kando ya barabara tukashangilia. Si vibaya yale yetu wenyewe nayo yakawa yanatembea. Aidha, sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka minane. Anayelipoteza la zamani hatapata jingine kama hilo bandarini.

Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni aliutia mkono wake katika lundo la nafaka, juu akakuta pakavu, chini pamerowa. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mtume hakumuuliza habari za mvua. Alimuuliza kwa nini asiiweke ile iliyorowa juu watu wakaiona. Hakumkataza kuuza nafaka iliyorowa, bali kuificha. Wafanyabiashara wetu wa spea, ambao wengi wao husimama safu moja na sisi Ijumaa, hadithi hii waijua kutushinda.

Kwa hivyo hatusemi spea za kuiga zisiuzwe. Zikikosekana, nusu ya magari ya Magarini yatalala leo. Twasema muuzaji aandike kwenye risiti kuwa hii ni ya kuiga, imetoka nchi fulani, na kwa upande wa breki na usukani, imeundwa kwa mpira au chuma cha namna gani. Asiyejua asiuze vya breki. Auze taa na vioo. Kenya ina sheria ya kupinga bidhaa bandia tangu 2008, na mamlaka yake ipo, lakini sheria hiyo humtazama zaidi aliyeiba jina la mwenziwe. Aliyeunda kikombe kibovu na kukiuza bila jina lolote humponyoka. Huyo ni wa Shirika la Viwango, nalo twaliomba lianzie na vitu vya breki kabla ya kuhangaika na vitu vya mapambo.

Nasi wanunuzi tuna letu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na bado tukifika kaunta swali letu la kwanza huwa bei. Twaitupa silinda ya asili kwa sababu imeshika kutu ya chumvi, kisha twanunua mpya ya chuma cha ovyo. Mafundi wa kukereza vyuma wapo Malindi na Mombasa. Silinda ile ile huchongwa ndani, ikatiwa ala ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, na mwili wake ukabaki ule ule uliotoka kiwandani. Spea ya mtumba iliyokwisha kufanya kazi nayo, mafundi wengi huiamini kuliko mpya ya boksi lisilojulikana, maana imekwisha kupimwa na barabara. Ila ya mpira usinunue iliyotumika hata siku moja.

Pikapu ya baba imekwisha kukerezwa silinda yake na kutiwa ala ya shaba. Sasa iko chini ya mwembe juu ya magogo, yangojea vikombe vinne vya mpira. Nimepiga simu maduka matatu, na kila mmoja ameniambia anavyo, tena orijino. Nilipowauliza vimeundwa kwa mpira gani, wawili wakanicheka. Wa tatu akaniambia atauliza, kisha atanipigia.