MALI YA CHAMA IRUDI GHALANI



Katika gazeti letu la ukutani leo tunataka kusema jambo ambalo limekuwa likisemwa chini chini kisimani na njiani kwenda gulioni, lakini likifika mkutanoni kila mtu anatazama miguu yake. Jambo lenyewe ni mali ya Chama chetu cha Ushirika iliyobaki majumbani kwa ndugu waliomaliza uongozi.

Mkutano Mkuu ulifanyika vizuri. Wajumbe wa Bodi ya zamani wakashuka, wapya wakapanda, makofi yakapigwa na soda ikanywewa. Hiyo ni demokrasia na tunaipongeza. Lakini makabidhiano hayakufanyika. Mpaka leo mhuri uko kwa mmoja, ufunguo wa stoo ndogo uko kwa mwingine, mizani iko uani kwa wa tatu inapima maharage yake na ya majirani, na vitabu vya stakabadhi za msimu uliopita havionekani. Bomba la kunyunyizia dawa ya kahawa linaonekana kila wiki, ila linaonekana katika shamba lile lile moja.

Wengine watauliza, Katibu wa Chama cha siasa anaingiaje katika mambo ya Ushirika? Swali ni la haki. Ushirika una wenyewe, nao ni wanachama. Mimi sina kiti katika Bodi wala sikitaki. Lakini wanaokuja kulia mlangoni kwangu jioni ni wakulima wa kijiji hiki, na ukuta huu ni wa kijiji kizima.

Sasa tuelezane hasara yenyewe, maana wako wanaosema "mhuri ni kipande cha mpira tu, kwani una nini?" Sikilizeni. Bodi mpya ilikwenda benki kule Same kubadilisha majina ya wanaotia sahihi hundi. Wakaambiwa walete muhtasari wa Mkutano uliogongwa mhuri. Mhuri hawana. Wakarudi mikono mitupu, na nauli imekwenda. Kwa hiyo wanaoweza kutia sahihi mpaka leo ni wale waliokwisha ondoka, na wale hawataki kusaini karatasi ya uongozi ambao si wao. Katika hilo mimi nawaunga mkono, maana atasainije hesabu asiyoisimamia? Lakini fedha za wakulima zimekaa, na ada za shule hazisubiri.

Simu ya Chama nayo ni hivyo hivyo. Siku hizi laini inasajiliwa kwa alama za vidole. Laini yetu ilisajiliwa kwa kidole cha mtu, si kwa kidole cha Chama, kwa kuwa Chama hakina kidole. Mnunuzi akituma fedha, zinakwenda kwa mtu. Hatusemi amezila, hatuna ushahidi wa hilo. Tunasema si mahali pake. Na neno la siri la kuingilia mfumo ule wa MUVU, ambamo vyama vya ushirika hupeleka taarifa zao, liko kichwani kwa mtu mmoja. Kichwa hakina ufunguo wa akiba.

Lakini zito kuliko yote ni vitabu vya stakabadhi. Mama aliyeleta kilo 80 za kahawa ya maganda akapewa malipo ya awali, anasubiri malipo ya pili kwa kilo zake. Kipande chake cha karatasi kililowa mvua ya masika. Nakala iko katika kitabu cha Chama. Kitabu kikipotea, zile kilo 80 zimepotea, hata kama kijiji kizima kilimwona akishuka nazo kichwani. Siku mkaguzi wa COASCO atakapokuja hataki kusikia habari za kumwona mtu njiani, anataka karatasi.

Wazee wetu wanalijua jambo hili kuliko sisi. Mwezi Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Kijiji ndicho kikawa chama cha ushirika kwa Sheria ya Vijiji ya 1975, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za mazao. Sisi wa kahawa tukawa chini ya Mamlaka ya Kahawa. Maghala, malori, majumba, madawati na mafaili vikahama mikono kwa haraka. Ikaja Sheria ya 1982 kurudisha ushirika, na vyama vikuu vikaanza tena. Hapo ndipo ilipoonekana kazi ya karatasi. Palipoandikwa kuwa ghala hili ni la fulani, watu walikuwa na la kusema. Ambapo hapakuandikwa, ukabaki mdomo, na mdomo hauna mhuri.

Na hata baada ya hapo. Kule Mwanza mali za Chama Kikuu cha Nyanza zilikwenda kwa watu, mpaka Serikali ya Awamu ya Tano (2015 hadi 2021) ikabidi iingilie kuzirudisha kwa wakulima wa pamba. Ilihitajika nguvu ya serikali nzima kurudisha kitu ambacho wakulima walikijenga wenyewe. Sisi mizani yetu tutamwita nani aje aifuate? Waziri?

Baba wa Taifa aliacha Uwaziri Mkuu Januari 1962 akamwachia Ndugu Rashidi Kawawa, na Novemba 1985 akaacha Urais akamwachia Ndugu Ali Hassan Mwinyi. Hatujasikia kuwa mhuri wa Ikulu ulikutwa Butiama.

Tumewasikiliza pia ndugu wenyewe walioondoka, maana si haki kumwandika mtu ukutani bila kumsikia. Mmoja anasema Chama kinamdai yeye, yaani anakidai Chama posho ya safari za Moshi, na bomba halitoki mpaka alipwe. Ndugu yetu, deni lako huenda ni la kweli. Basi liandike, lete na tiketi zako za basi, Bodi ilijadili. Lakini bomba ni la watu wote, nao wengi wao hukuwahi kuwakopesha kitu. Huwezi kushika mbuzi wa jirani kwa deni la mjomba wake.

Mwingine kasema maneno yaliyotugusa. Anasema, "Nikirudisha vitabu watasema kurasa nimechana mimi. Mimi mwenyewe nilipopokea sikupewa orodha." Hapa ana hoja. Kumbe ugonjwa huu ni wa zamani, kila Bodi inapokea gizani na kuachia gizani. Na yuko mama mmoja aliyekuwa mweka hazina, huyu alirudisha siku ya pili tu, gunia zima la karatasi limefungwa kwa kamba ya mgomba. Alilipokea kijana stoo, hakuandika kitu. Leo mama huyu anatajwa pamoja na wasiorudisha. Ameonewa, tunasema hivyo hapa waziwazi.

Na Bodi mpya nayo isijione malaika. Kumwendea mzee wa watu saa tatu usiku na tochi, mnapiga kelele mbele ya wajukuu wake, ati "toa mhuri wetu", hiyo si kazi ya Ushirika. Mzee akikasirika akafunga mlango mlitegemea nini?

Iko na nyumba moja ambayo mjumbe wetu alifariki akiwa bado na kitabu cha wanachama. Huko waende wazee wawili na mama mmoja, waende kwa heshima, wamweleze mjane kinachotafutwa. Yeye hakuchaguliwa na mtu, hana kosa. Ila wasichelewe, maana watoto huwashia moto karatasi yoyote waionayo.

Ndiva zetu huku Upareni zinatufundisha. Maji hukusanyika usiku, asubuhi hufunguliwa, kila mmoja na zamu yake. Hebu fikiri aliyekuwa akifungua, zamu yake imekwisha, achukue kizibo aende nacho nyumbani akakiweke chini ya kitanda. Mashamba ya chini yatakauka naye amelala. Watu wangeitana kwa msaragambo siku hiyo hiyo. Kwa mhuri tumekaa kimya, kwa sababu hauonekani ukimwaga maji.

Asiyesikia basi ajue kuwa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013 ipo. Mrajis anaweza kuagiza uchunguzi, na hasara akatakiwa kuilipa aliyeisababisha kutoka mfukoni mwake. Hatupendi kufika huko. Afisa Ushirika akishapanda huku na faili, maneno hayarudi nyuma, na sisi tunazikana sisi kwa sisi.

Tumekubaliana na Bodi hivi. Jumamosi ijayo, msaragambo wa barabara ukiisha, ghala litafunguliwa. Mwenyekiti wa Kijiji atakuwepo shahidi. Kitaletwa kitu kimoja kimoja, kitaandikwa katika daftari jipya pamoja na hali yake, kizima au kibovu, na kurasa za kila kitabu zitahesabiwa mbele ya aliyekileta. Anayetoa atasaini, anayepokea atasaini, asiyejua kusaini ataweka dole gumba. Nakala tatu: moja ya aliyetoa, moja ya Bodi, moja ya ofisi ya Kijiji. Mama wa gunia naye aje apewe yake. Mwenye laini ya simu aje na kitambulisho chake cha taifa, Jumatatu atashuka Same na Katibu wa Bodi kuibadilisha, nauli italipwa na Chama.

Mizani ni nzito, mwenye nayo aseme mapema, vijana wataifuata. Isitumike tena mpaka Wakala wa Vipimo waikague, maana imepima maharage mengi.

Katibu wa Tawi